Jina la Kundi na Jina la Ubatizo



Katika mikutano ya vijana wa parokia zetu za Butembo na Beni kuna swali ambalo huulizwa kwa kicheko, ingawa lastahili kujibiwa kwa uzito. Mtu mwenye umri wa miaka 28, mwenye kazi, pengine mwenye mke na mtoto, ambaye jioni huketi na simu yake kutazama katuni za Kijapani, je, amekomaa au bado? Wazazi wengi wana jibu tayari. Husema kwamba katuni ni za watoto, na kwamba mtu mzima anayezitazama amekataa kukua. Wengine huongeza kwamba ana kasoro kichwani, au kwamba roho mbaya imemwingia kupitia zile picha za majini na mapepo. Kijana mwenyewe hunyamaza. Akisikia mlango unafunguliwa, huficha simu.

Napenda tulitafakari jambo hili kwa kuitazama kwanza nchi ambako katuni hizo hutengenezwa. Wengi wenu mwadhani kwamba huko Japani mtu mzima anayependa anime huheshimiwa na wote, kwa kuwa anapenda kazi ya mikono ya nchi yake. Historia yasema vingine. Kwa muda wa miaka 40 na zaidi, jamii ya Wajapani imewatazama watu hao kwa dharau, kisha kwa hofu, kisha kwa tamaa ya faida, na mwishowe, polepole, kwa kitu kinachokaribia heshima. Njia hiyo ndefu ina fundisho kwetu, maana kosa lililofanyika kule hufanyika hapa kwetu kila siku, na hapa kwetu limewahi kumwaga damu.

Neno la adabu lililogeuka tusi

Wajapani humwita mtu aliyezama katika mapenzi ya katuni kwa neno "otaku". Kwa asili neno hilo halina ubaya wowote. Maana yake ni "nyumbani kwako" au "kwenu", na hutumika pia kama namna ya adabu ya kumwambia "wewe" mtu ambaye hujazoeana naye. Tokyo kuna soko kubwa liitwalo Comiket, lililoanza mwezi wa Desemba 1975, ambako wapenzi wa katuni huuziana vitabu walivyovichora wenyewe. Vijana wenye haya waliokutana katika mahali kama hapo walikuwa wakiitana kwa neno hilo la adabu, kwa kuwa hawakuthubutu kuitana kwa mazoea.

Mwaka 1983 mwandishi mmoja kijana, Akio Nakamori, aliandika makala katika gazeti la katuni akiwacheka. Alicheka mavazi yao, miwani yao, miili yao, na jinsi walivyoshindwa kuzungumza na wasichana. Kisha akalichukua neno walilokuwa wakiitana kwa heshima, akalifanya jina la aina yao: hawa ndio otaku. Tangu siku hiyo neno la adabu likawa neno la kejeli.

Tulitazame vizuri tukio hilo, hata kama laonekana dogo. Kabla yake palikuwa na watu wengi, kila mmoja na jina lake, nyumba yake, wazazi wake na kazi yake. Baada yake pakawa na kundi moja lenye sura moja. Mtu akishawekwa katika kundi la namna hiyo, hakuna tena anayejisumbua kumwuliza jina lake. Kicheko huwa ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili hungoja siku ya balaa.

Mwaka 1989

Siku hiyo ilikuja. Kati ya mwaka 1988 na 1989, katika maeneo ya Tokyo na Saitama, wasichana wadogo wanne waliuawa kikatili. Mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka 7. Mwezi wa Julai 1989 polisi walimkamata mwuaji, kijana wa miaka 26 aitwaye Tsutomu Miyazaki. Katika chumba chake walikuta kanda za video 5763. Picha ya chumba hicho, chenye kanda zilizopangwa hadi darini, ikaonyeshwa katika televisheni na magazeti ya nchi nzima. Vyombo vya habari vikamwita otaku mwuaji.

Tuwakumbuke kwanza watoto hao wanne na wazazi wao, maana kilio chao ndicho kikubwa kuliko yote nitakayosema. Hofu ya Wajapani haikuzuka bure. Damu ya kweli ilimwagika. Lakini hofu hiyo ilifanya nini? Iliwageukia maelfu ya watu ambao hawakumgusa mtoto yeyote. Kijana aliyekuwa na rafu ya kanda na vitabu vya katuni akaanza kutazamwa na majirani kana kwamba naye angeua kesho. Wengi wakaficha vitabu vyao. Wengi wakajifunza kusema uongo kazini walipoulizwa wanafanya nini siku ya mapumziko.

Ninyi mliosoma mnajua kosa la hoja hiyo. Ng'ombe ana miguu minne, meza ina miguu minne, basi meza ni ng'ombe. Mwuaji alikuwa na kanda nyingi, jirani yangu ana kanda nyingi, basi jirani yangu ni mwuaji. Mtoto wa darasa la tano angeicheka hoja ya kwanza. Taifa zima, lenye vyuo vikuu vya sifa, liliipokea ya pili, kwa sababu hofu haisomi mantiki.

Kuna jambo jingine linaloonyesha upofu huo waziwazi. Mwaka huo huo wa 1988, mwuaji yule alipoanza maovu yake, mtu mwingine mwenye jina hilo hilo la ukoo, Hayao Miyazaki, alitoa filamu ya katuni iitwayo "My Neighbor Totoro", hadithi ya wasichana wawili ambao mama yao amelazwa hospitalini. Hawakuwa ndugu. Baadaye filamu yake nyingine, "Spirited Away" ya mwaka 2001, ilipewa tuzo ya Oscar mwaka 2003, na Japani nzima ikajivunia. Hakuna Mjapani aliyesema kwamba kila mtu aitwaye Miyazaki ni mwuaji, ingawa jina lilikuwa moja. Watu walijua kutenganisha majina. Walishindwa kutenganisha wapenzi wa katuni, kwa sababu jina Miyazaki lilikuwa la watu, na jina otaku lilikuwa tayari la kundi.

Heshima inayopimwa kwa mfuko

Miaka ikapita. Mwaka 2005 sinema na mchezo wa televisheni uitwao "Densha Otoko" ulivuta watazamaji wengi. Ulisimulia habari ya mpenzi wa katuni mwenye haya, aliyemtetea mwanamke dhidi ya mlevi katika treni, na mapenzi yakaanza hapo. Watu wakaanza kusema: kumbe hata otaku ana moyo. Katika miaka hiyohiyo serikali iligundua kwamba katuni zinauzwa dunia nzima na kuliletea taifa fedha na sifa. Mwaka 2008 Taro Aso, ambaye ni Mkatoliki na msomaji wa manga asiyejificha, akawa waziri mkuu. Alipozuru Akihabara, mtaa wa Tokyo ambako wapenzi wa katuni hukusanyika, alishangiliwa.

Je, mambo yakawa yameisha? Mwaka huo huo, tarehe 8 Juni 2008, mtu mmoja aliwagonga watu kwa lori katika mtaa huo wa Akihabara, kisha akawachoma kwa kisu. Watu saba walikufa. Mara moja mazungumzo ya zamani yakarudi: huenda katuni ndizo zilizomharibu. Heshima iliyojengwa kwa miaka kadhaa ikatikisika kwa siku moja.

Nadhani sababu yake ni hii. Sehemu kubwa ya heshima ile haikuwa heshima kwa mtu. Ilikuwa heshima kwa mfuko wake. Sisi wa Butembo, mji wa wafanyabiashara, twaelewa haraka. Mteja mwenye dolari mkononi hukaribishwa kwa tabasamu, hupewa kiti, huitwa boss. Dolari zikiisha, kiti huondolewa. Jamii iliyowaita watu taka, kisha ikawaita hazina kwa kuwa wananunua vitabu na vinyago, bado haijawatazama usoni. Hadhi ya mtu haitoki katika faida anayoleta. Kanisa hufundisha kwamba hutoka kwa Mungu aliyemwumba kwa mfano wake, na kwa hiyo haipandi wala haishuki pamoja na bei za soko.

Kilichogusa mioyo kwa namna nyingine ni msiba. Tarehe 18 Julai 2019 mtu mmoja alimwaga petroli na kuwasha moto katika jengo la kampuni ya Kyoto Animation, mjini Kyoto, akidai kwamba walimwibia hadithi yake. Watu 36 walikufa, wengi wao vijana, wachoraji na wabunifu, wanawake wengi miongoni mwao. Watu wa kila umri walikuja kuweka maua karibu na jengo lililoungua. Sadaka zilizokusanywa kwa ajili ya wafiwa na majeruhi zilipita yen bilioni 3. Safari hii wapenzi wa katuni hawakuonekana kuwa hatari. Walionekana wafiwa, na mfiwa kila mtu humwelewa. Leo vijana wengi wa Japani hujiita otaku bila haya, ingawa bado wapo watu wazima wanaoficha mapenzi yao mbele ya wakuu wa kazi, na wenzao huwaita kwa jina linalomaanisha "otaku aliyejificha".

Lawama zenye ukweli

Sitaki mdhani kwamba nawatetea watu ili niitetee kila katuni. Zipo lawama zenye ukweli, na Mkristu hafungi macho.

Kwanza, katuni yaweza kuwa pango la kujifichia. Japani kuna watu waliojifungia chumbani kwa miezi na miaka, wakikataa shule, kazi na hata meza ya familia. Huitwa "hikikomori", na daktari Tamaki Saito aliandika juu yao mwaka 1998 kitabu kilichoamsha taifa. Si sahihi kuwachanganya na wapenzi wa katuni, maana wengi wa wapenzi hao hufanya kazi, huoa na huolewa, na hukutana na wenzao kwa furaha. Lakini mtu aliyeumizwa na maisha aweza kutumia picha kama blanketi la kujifunika asionekane. Hilo hutokea pia kwetu. Kijana aliyepoteza ndugu zake katika mauaji, au aliyemaliza chuo bila kupata kazi, aweza kuzama katika simu hadi saa tisa za usiku kwa sababu mchana unamtisha.

Pili, zimo kazi chafu. Baadhi ya manga na anime huonyesha uzinzi, na nyingine huwachora hata watoto kwa namna ya aibu. Mwaka 2014 Japani ilipiga marufuku kumiliki picha chafu za watoto halisi, lakini sheria hiyo iliziacha nje picha za kuchorwa. Kanisa haliwezi kunyamazia hilo. Kijana wa parokia anayelipa ili simu yake ijazwe filamu katika kibanda cha mtaani asipokee kila kitu anachowekewa. Macho yake ni mlango, na mwenye nyumba huchagua wa kumfungulia.

Lakini tupime kwa mzani mmoja. Mtu mzima akivaa jezi ya Arsenal au ya Real Madrid, akapiga kelele mbele ya televisheni, akagombana na rafiki, akakosa usingizi kwa sababu wachezaji wa Ulaya wasiomjua wamefungwa bao, hakuna anayesema kwamba amekataa kukua. Twamwita mwanamume mwenye timu yake. Mwenzake akikaa kimya akitazama hadithi iliyochorwa, twamwita mtoto. Wote wawili wanapenda mchezo, na wote wawili waweza kupotoka kwa kuupenda kuliko Misa, kuliko mke na kuliko karo ya mtoto. Kinachopimwa ni upotovu huo, popote ulipo. Mzani wenye jiwe zito kwa huyu na jepesi kwa yule, Mungu hakuupenda tangu Agano la Kale.

Na hapa kwetu

Sasa turudi nyumbani. Sisi Wayira tuna hazina katika majina. Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Masika, Kahindo, Kavira: majina haya huonyesha nafasi ya mtoto kati ya ndugu zake. Kumwita mtu Kasereka ni kukiri kwamba wapo waliomtangulia, na kwamba ana mahali pake katika meza ya wazazi wake. Kisha kwenye mlango wa kanisa, padri huwauliza wazazi wampe mtoto jina gani, kabla ya kumwuliza Kanisa swali jingine lolote. Mtoto huyo huitwa kwa jina lake maji yanapomwagwa. Hakuna anayebatizwa kwa jina la kundi.

Hata hivyo tazameni majina tunayoyatumia barabarani. Mtoto asiye na kwao twamwita maibobo, na tukishamwita hivyo hatumwulizi tena mama yake ni nani. Mzee aliyeishi muda mrefu na kuwazika wengi huitwa mchawi. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa uliwaua watu zaidi ya 2200 katika sehemu zetu na jirani. Waliopona walirudi nyumbani wakiwa na hati ya daktari, wakakuta majirani wanaogopa kuwapa mkono. Na katika eneo la Beni, tangu mauaji ya mwaka 2014, imetosha mara nyingine mgeni asiyejua kujieleza aitwe mwasi barabarani, na umati haukungoja hakimu. Hapo ndipo jina la kundi linapofika mwisho wake. Linaanza kama mzaha kuhusu nguo na miwani, na linaishia kwenye mawe na tairi.

Vijana mnaopenda katuni mnaijua hadithi ya Naruto, iliyoandikwa na Masashi Kishimoto kuanzia mwaka 1999. Mtoto yatima anakua katika kijiji ambacho watu wazima humkwepa na kuwakataza watoto wao kucheza naye, kwa sababu alipokuwa mchanga mnyama mharibifu alifungwa ndani ya mwili wake. Hakuuchagua mzigo huo. Watu wazima ndio waliouweka ndani yake ili kijiji kipone, kisha wakamchukia kwa ajili yake. Anachotafuta tangu mwanzo ni kutambuliwa kuwa mtu.

Ni nani kati yetu asiyemfahamu mtoto wa namna hiyo? Wapo katika vijiji vyetu wavulana na wasichana waliochukuliwa porini na makundi yenye silaha, wakabebeshwa bunduki au mizigo ya askari, na waliporudi wakaitwa kwa kile kilichowekwa ndani yao na watu wazima. Kijana aliyelia akimtazama Naruto, kisha akakataa kuketi benchi moja na mtoto aliyetoka porini, hajaielewa katuni anayoipenda. Na mzazi anayemcheka kijana huyo kwa kulia mbele ya picha za kuchorwa, pengine angemwuliza kwanza kilichomliza.

Zakayo juu ya mti

Injili ya Luka yatusimulia habari ya mtu mzima aliyefanya jambo la kitoto mbele ya mji wote. Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru, tajiri, mwenye cheo. Kwa kuwa alikuwa mfupi, alikimbia akapanda mti ili amwone Yezu. Fikirini bwana mkubwa wa Butembo, mwenye maduka na magari, akipanda mparachichi kando ya barabara! Umati ulikuwa na majina mawili ya kumpa: mtoza ushuru na mwenye dhambi. Yote mawili yalikuwa majina ya kundi, na yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake, maana Zakayo alikuwa amewadhulumu watu. Yezu alisimama chini ya mti akamwita kwa jina lake, akamwambia kwamba siku hiyo atakaa nyumbani kwake.

Angalieni mpangilio. Yezu hakusema kwamba Zakayo hana kosa. Alimwita, akaingia kwake, na ndani ya nyumba hiyo Zakayo mwenyewe akataja dhuluma zake na namna atakavyozilipa. Umati ulikuwa umemlaumu kwa miaka bila kupata matunda hayo. Lawama inayorushwa kutoka barabarani humfanya mtu afunge mlango; yule aliyeketi mezani pako ndiye aweza kukuambia ukweli ukausikia.

Najua kuna atakayenikumbusha maneno ya Mtume Paulo, kwamba alipokomaa aliyaacha mambo ya utotoni. Ni kweli, na tuyasome mahali yalipo. Yamo katika ile sura ya Waraka wa kwanza kwa Wakorinto inayohusu upendo. Paulo anawaandikia watu wazima waliokuwa wakishindana na kudharauliana kwa sababu ya karama zao. Utoto anaotaka wauache ni huo. Kwa kipimo chake, aliyekomaa ni yule mwenye uvumilivu, asiyejivuna, asiyefurahia ubaya wa mwenzake. Basi mtu wa miaka 28 anayetazama katuni na kumtunza mama yake mgonjwa amekomaa, na mtu wa miaka 60 asiyetazama katuni lakini akamcheka yatima bado ananyonya.

Kanisa lenyewe halikuiogopa sanaa hii. Tarehe 28 Oktoba 2024 Askofu Mkuu Rino Fisichella alitambulisha mjini Vatikano kinyago cha Jubilei ya mwaka 2025: msichana aitwaye Luce, maana yake Nuru, aliyechorwa na Mwitaliano Simone Legno kwa mtindo unaofanana na anime. Amevaa koti la mvua la njano na buti zenye matope ya safari. Wapo Wakatoliki walionung'unika wakisema ni utoto. Na tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15. Alipenda michezo ya video kama wenzake, na inasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu kwa juma, huku akienda Misa kila siku. Hapo mna kipimo: alikuwa na michezo, na michezo haikuwa naye.

Tufanye nini

Kwako wewe unayependa katuni na umekwisha kuwa mtu mzima: usifiche simu kama mwizi, bali uwe tayari kuonyesha unachotazama. Kama kuna kitu usichoweza kukitazama mama yako akiwa kando yako, kifute leo. Jiwekee saa. Usiku uwe wa kulala, na Dominika iwe ya Bwana. Na kile unachokipenda katika hadithi, yaani uaminifu kwa rafiki na ujasiri wa kumlinda mdogo, kifanye hapa Butembo, hapa Beni, ambako wadogo wa kulindwa hawakosekani.

Kwenu wazazi na viongozi wa makundi: kabla ya kumpa mtu jina, ulizeni jina alilo nalo. Kaeni naye mara moja mtazame pamoja, kisha semeni lililo baya kuwa ni baya. Kama amejificha kwa sababu ya jeraha, mtalijua jeraha hilo mkiwa mmeketi naye, kamwe si mkiwa mlangoni.

Nilisema kwamba neno otaku, kabla halijawa tusi, lilimaanisha nyumbani kwako. Nawaomba tulirudishe huko. Katika kila jumuiya ya msingi yupo kijana anayecheka peke yake mbele ya simu, yupo maibobo anayelala kando ya soko, yupo aliyerudi kutoka porini. Juma hili kila kundi limchague mmoja, lijifunze jina lake lote, na liende kumtembelea alipo.

Maswali ya kushirikishana katika kundi

1. Ni jina gani la kundi tunalolitumia sana katika mtaa wetu, na ni nani anayeumizwa nalo?

2. Je, kuna pumbao lolote, liwe katuni, mpira au muziki, linalonitawala kuliko ninavyolitawala?

3. Ni nani ambaye tungepaswa kumtembelea nyumbani kwake kabla ya Dominika ijayo, naye anaitwa nani?